Kifurushi cha Mwanahawa

Wenzangu mnaosoma, mimi ni bibi wa miaka sitini na saba. Haya yalinikuta nikiwa na ishirini na mbili tu, enzi za Mwingereza, na mpaka leo nikiona kanga mpya moyo unanienda mbio...

Mume wangu Shomari alikuwa na mtumbwi. Posta ya Utete haikuwa na chombo cha kuingia mikokoni, ikampa tajiri mmoja mwenye lori kazi ya kusambaza vifurushi. Tajiri naye hakutaka tope, akampa Shomari upande wa Kiongoroni. Posta ilimjua tajiri, tajiri akamjua Shomari. Kitu kikipotea, analo Shomari!

Kiongoroni alikuwapo mjane, Mwanahawa. Kaka yake alifanya kazi Tanga, akimtumia vitu kwa posta kila mara. Sasa kule maji yakitoka, mkondo unabaki tope tupu, na Shomari lazima angoje yajae ndipo arudi. Angoje wapi? Barazani kwa Mwanahawa!

Akirudi namtengea chakula, ananiambia, "Nimeshakula, mke wangu."

Jamani! Nimesonga ugali, nimeunga samaki kwa nazi, kumbe mwenzangu ameshiba wali wa mwanamke mwingine? Nilikuwa nakaa jikoni nalia, nasingizia moshi.

Vifurushi nilivipanga mimi kwenye pakacha, Shomari akinitajia hiki cha fulani, hiki cha fulani. Alfajiri moja alipokwenda kuswali, nilikichomoa cha Mwanahawa nikakifukia kwenye ghala la mpunga. Baadaye nikakifungua. Doti mbili za kanga! Wala sikuthubutu kuzivaa.

Shomari alirudi kachanganyikiwa. Akaniuliza kama nimekiona. Nikaapa, tena kwa jina la Mungu, kwamba sijui... Mwanahawa akauliza kwa kaka yake, kaka akauliza Posta, Posta ikamuuliza tajiri. Likafunguliwa daftari la kupokelea vifurushi, dole gumba la Mwanahawa halimo. Mume wangu akafungwa miezi sita kwa wizi.

Nami nikanyamaza! Niliogopa jela, niliogopa aibu. Hata kumpelekea chakula nilishindwa, ningemtazama kwa jicho gani? Aliyempelekea ni Mwanahawa. Alipiga kasia kutoka Kiongoroni, akawaambia wakubwa kwamba Shomari si mwizi.

Shomari alipotoka jela nikamwangukia miguuni, nikasema yote. Hakunipiga. Alisema, "Nilijua tangu siku ile. Pakacha halikushikwa na mwingine. Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akanipa talaka yangu. Mwaka haukupita akamwoa Mwanahawa.

Walikuwa na jambo tangu mwanzo? Sijui, na sitajua. Dada zangu, wivu ukikuwasha, uliza. Gombana, piga kelele, nuna, lakini uliza! Mimi sikuuliza. Shomari alipeleka vifurushi vingi Kiongoroni, ila yeye mwenyewe nilimpeleka mimi.