Mgeni Aliyevuka Kizingiti

Siku ilianza kama siku yoyote ya Januari huko Mirdita, katika milima ya kaskazini mwa Albania. Theluji ilifika magotini, na Drane alikuwa akichambua maharage huku akibembeza kitanda cha mtoto kwa mguu. Mwanawe, Lekë, alikuwa na miezi mitatu. Baba mkwe wake, mzee Ndoc, alisinzia kando ya jiko la kuni. Mlango ulikuwa wazi kidogo ili moshi utoke.

Hapo ndipo mgeni alipoingia.

Alikuwa linksi, yule paka mkubwa wa msituni mwenye mkia mfupi na vishungi vyeusi masikioni. Mguu wake mmoja wa mbele ulikuwa umenaswa na waya wa mtego, waya umezama hadi mfupani. Alivuka kizingiti akichechemea, akampita Drane bila kumtazama, akajilaza chini ya kitanda cha mtoto na kuanza kukoroma polepole kama paka wa nyumbani.

“Usimguse,” mzee alinong'ona. “Kavuka kizingiti. Ni mgeni wetu.”

Kwa watu wa huko, hilo si jambo la mzaha. Aliyeingia ndani, hata kama kamuua ndugu yako, humgusi. Na mwenyeji akimwaga damu ya mgeni, damu hiyo italipwa. Lakini Pashk, mume wa Drane, alikuwa na mgahawa ng'ambo ya barabara, na kila mgahawa wa bonde lile ulikuwa na linksi aliyejazwa pamba juu ya rafu, isipokuwa wa kwake. Alipotoka kwenye banda la kuni na kumwona yule mnyama, aliiangua bunduki ukutani. Risasi moja tu. Lekë alilia mpaka sauti ikamkauka.

“Waliobaki milima yote hii hawajazi hata zizi moja,” mzee alisema. “Na wewe unamuua aliyekuja kuomba hifadhi!”

“Kama wamebaki wachache, baba, basi wangu ana thamani zaidi,” Pashk akacheka.

Wiki tatu baadaye linksi alirudi kutoka kwa fundi, amejazwa pamba, macho ya kioo, akakalishwa juu ya rafu ya chupa mgahawani. Madereva wa malori walipiga naye picha. Jioni hiyohiyo, familia ikiwa mezani nyumbani, sauti iliita kutoka uani.

“Ee mwenye nyumba!”

Ndivyo wageni wanavyobisha hodi kule, na mwenyeji hukaribisha kwanza, kuuliza ni baadaye. Pashk alijibu kwa mazoea, mkate mdomoni. “Karibu ndani!”

Hakuingia mtu. Drane alifungua mlango. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo za mviringo, zisizo na alama za kucha, za miguu mitatu tu. Zilikuja hadi kizingitini. Hazikurudi.

Mzee Ndoc alivua kofia yake nyeupe. Alifanya wanachofanya wenye deni la damu: aliomba ahadi ya kutodhuriwa kwa siku moja.

“Tunaikiri damu yako,” aliinong'oneza hewa. “Tupe mpaka kesho jioni. Tutakuzika kwa heshima.”

Chini ya kitanda cha mtoto, kitu kilikwaruza ubao. Mara moja.

“Kakubali,” mzee alisema. “Mtoto haguswi. Damu inamdai aliyefyatua.”

Drane alimpenda mumewe, pamoja na ubishi wake wote. Alimshika mkono. “Mzike, Pashk. Nakuomba.”

“Nimzike paka? Na kahawa ya matanga nimnyweshe nani, panya?” Lakini machozi ya mkewe yalimshinda. “Haya, haya. Kesho.”

Kesho yake waliwasha moto kuyeyusha ardhi iliyoganda, na Pashk akashusha gunia shimoni. Mzee alimimina kahawa juu ya kaburi. Drane alishusha pumzi.

Jua lilipokuwa likienda kuzama alimpelekea mumewe chakula mgahawani. Hapakuwa na wateja. Juu ya rafu palikuwa na kitambaa cha buluu kilichofunika kitu. Alikivuta. Macho ya kioo yakamtazama.

“Tumemzika nani?”

“Ngozi ya mbuzi,” Pashk alinong'ona kwa aibu. “Kesho wanakuja watu wa Tirana kumpiga picha. Keshokutwa namzika, naapa.”

Sikio la kufa halisikii dawa. Drane alimnyakua yule paka akimbie naye kaburini. Mwili ule wa pamba ulikuwa na joto. Ulikuwa ukikoroma.

Alimwachia. Nje, jua lilizama.

“Ee mwenye nyumba!”

Sauti haikutoka nje. Ilitoka sakafuni, miguuni pao.

Drane aliuziba mdomo wa mumewe kwa kiganja. “Usijibu. Usijibu.”

Ng'ambo ya barabara, Lekë alilia. Drane aligeuka. Kiganja kikalegea. Kidogo tu.

“Karibu,” Pashk alisema. Mazoea ya maisha yake yote.

Drane, akikimbilia kilio cha mtoto, alikuwa ameshafika nje mlango ulipojifunga nyuma yake.

Majirani walioitwa na mayowe yake waliuvunja kwa shoka. Pashk alikuwa amelazwa chali, mikono imenyooshwa, bunduki yake imewekwa kando ya kichwa. Ndivyo mlipa kisasi mwenye heshima anavyoiacha maiti ya adui yake. Hakuwa na jeraha, isipokuwa waya wa mtego kwenye mkono wa kulia, umezama hadi mfupani. Hapakuwa na tone la damu. Linksi hakuwepo; juu ya kaunta yalibaki macho mawili ya kioo tu.

Drane alipiga yowe, kisha akamkumbuka mtoto. Nyayo zilikuwa zimetangulia, kutoka mgahawani mpaka nyumbani. Safari hii zilikuwa za miguu minne, mizima. Ziliingia ndani.

Lekë alikuwa amenyamaza, akitabasamu usingizini. Mzee Ndoc alikuwa amepiga magoti, kiganja kwenye ubao chini ya kitanda, pale mgeni alipojilaza siku ile.

“Gusa,” alinong'ona.

Drane aligusa. Palikuwa na joto.