Barua Iliyofichwa Begini

Kila siku saa kumi alasiri Marit Brekke aliteremka kwenye basi la shule, akafungua sanduku la barua lililosimama kando ya barabara, kisha akakimbilia nyumbani. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu akiwa na miaka saba, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Jumanne moja alikuta bahasha kutoka ofisi ya leseni, yenye jina la baba yake, Wendell. Akaifungua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wiki kadhaa nyuma, siku ya Ijumaa, baba alikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa ya kijijini, kama wafanyavyo watu wengi wa jimbo lao la Wisconsin, Marekani, siku hiyo. Alikunywa bia mbili, akaongeza ya tatu na ya nne. Akirudi na pikapu yake, polisi walimsimamisha, na kipimo cha pumzi kikamuumbua. Mahakamani alipatikana na hatia.

"Kosa la kwanza hapa kwetu ni tiketi ya faini tu, kama ya mwendo kasi," alimwambia Marit baadaye. "Tena nilikuwa na pikapu yangu, sikuwa kazini. Lori ninaloendesha kazini halihusiki kabisa!"

Barua ilisema linahusika. Hata kama alikuwa na gari lake mwenyewe, leseni yake ya magari makubwa ilisimamishwa mwaka mzima, kuanzia Ijumaa ya wiki hiyo.

Baba aliendesha lori la tangi, akikusanya maziwa mashambani. Marit aliisukuma barua chini kabisa ya begi la shule. Baba asipoisoma, aliwaza, ataendelea na kazi.

Tangu hapo hakutulia. Darasani aliitwa mara mbili asisikie. Kila gari lililopunguza mwendo nje ya nyumba lilimfanya achungulie dirishani. Begi hakuliachia hata wakati wa kula.

Ijumaa asubuhi baba alivaa buti zake, akachukua ufunguo wa lori.

"Una nini wewe? Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Baba, usiende!" Marit alimwaga vitabu mezani, akampa barua.

Baba aliisoma akiwa amesimama. Uso ulimsawijika. "Imekuja lini?"

"Jumanne. Niliogopa utafukuzwa."

"Marit! Ningekamatwa leo, ningeweza kwenda jela!" Alitazama saa. "Lakini ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, matangi ya wafugaji yamejaa. Duru ya leo tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Marit, akaanza kulia.

Baba aliuweka ufunguo mezani. Kisha akampigia simu bosi wake, Bi Doreen, akamweleza yote bila kupunguza neno.

Bi Doreen alifika baada ya nusu saa, nywele hazijachanwa, akanyoosha mkono kupokea ufunguo.

"Nitaendesha mwenyewe," alisema. "Wendell, umeniudhi sana. Lakini umesema kabla ya kuwasha injini. Ungeondoka na lori hili leo, nisingekutaka tena hata getini. Jumatatu njoo uoshe matangi kiwandani. Mshahara ni mdogo. Mwaka ukiisha tutazungumza."

"Asante, bosi."

Lori lilipotoka uani, baba alimkalisha Marit karibu yake kwenye ngazi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikunywa nikashika usukani, na ningeweza kuua mtu. Halafu nikajidanganya kwamba ni tiketi tu. Wewe nawe ukajidanganya kwamba barua isiyosomwa haina nguvu. Jambo baya ukilificha haliondoki, linazidi kuwa kubwa. Lililo baya niambie siku hiyohiyo, hata kama litaniumiza."

"Na wewe uniambie, Baba."

"Nitakuambia," alisema baba.