Moshi Uliosimama Katikati ya Mto

Kila siku alipotoka shule, kabla hata hajavua koti, Otylia Heczko alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuchota makaa ya mawe. Ndoo moja ilitosha kwa jioni nzima. Aliporudi juu alimkuta babu yake, Mzee Gustaw, amepiga magoti mbele ya jiko la kupashia nyumba joto, akilipanga vilevile alivyolipanga miaka yote: magazeti chini, vijiti katikati, makaa juu. Alitia kiberiti kwa chini, akafunga kijimlango cha chuma, akaenda dirishani kuwalaumu Wacheki.

Dirisha lilitazama Mto Olza. Upande huu ni Polandi na upande wa pili ni Ucheki. Nyumba iliyoelekeana na yao ilikuwa ya Mzee Bohumil Vašíček, na dohani yake ilikuwa ikitoa moshi mzito uliolala juu ya paa, ukakataa kuondoka.

"Mwangalie huyo," alisema babu. "Anachoma nini, viatu?"

Ng'ambo, Mzee Bohumil naye alikuwa dirishani kwake, akiitazama dohani ya akina Heczko kwa uso uleule. Wakati wa kiangazi wazee hao walitupiana maneno kutoka kingo mbili za mto. Lugha za pande hizo zinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kumtukana jirani bila mkalimani.

Majira hayo ya baridi upepo ulikuwa haba. Moshi wa viwanda na wa majumbani ulijazana bondeni, na watu wa pande zote mbili wakakohoa. Ndipo halmashauri za miji hiyo miwili zilipokubaliana jambo ambalo hazikuwahi kukubaliana: kuchanga fedha katika mfuko mmoja na kubadilisha majiko makuukuu, zikianza na mitaa yenye hewa mbaya zaidi, bila kujali iko nchi gani. Kazi ya kupima hewa walipewa wanafunzi, mmoja wa huku akiunganishwa na mmoja wa kule. Mwenzake Otylia alikuwa Radim, mjukuu wa Mzee Bohumil.

"Kifaa kinatundikwa nje," alisema Mwalimu Pilch, mwalimu wa fizikia, "juu kuliko kichwa cha mtu mzima, mahali pasipofikiwa na mvua. Kitahesabu chembe za moshi hewani na kutuma matokeo kwenye ramani ya mtandaoni. Kijani ni hewa safi. Kisha njano, kisha nyekundu. Zambarau ni hewa ambayo msingependa kuivuta."

Kila nukta kwenye ramani ilikuwa na jina la mwanafunzi.

Otylia alikitundika kifaa chake nje ya dirisha. Jioni ile babu alitia jikoni, pamoja na makaa, kipande cha mlango wa kabati kuukuu lenye vanishi. Otylia, akiwa ameshika simu, aliona nukta yenye jina la Heczko ikigeuka njano, kisha nyekundu, kisha zambarau. Ujumbe wa Radim ukaingia hapohapo: "Mnachoma nini huko, farasi?"

Otylia alifungua dirisha, akakichukua kifaa, akakiweka stoo, katikati ya mitungi ya matango ya kuchachushwa na jemu ya plamu. Nukta ikarudi kijani. Alikusudia kukiacha humo usiku mmoja tu, ili babu asiaibike siku ya kwanza.

Lakini asubuhi babu aliiona ramani.

"Kijani," alisema, akavaa miwani ili kuhakikisha. "Hebu nioneshe cha Vašíček."

Nukta ya Radim ilikuwa zambarau. Ilikuwa zambarau asubuhi, mchana na jioni, hata saa ambazo majiko ya mtaa mzima yalikuwa yamezimwa. Babu alitoka hadi ukingoni, ingawa kulijaa barafu.

"Bohumil! Umeiona ramani?"

"Nimeiona," akajibu mzee wa ng'ambo. "Ramani yenu imelewa."

Tangu siku hiyo babu hakununua mkate bila kumweleza mwoka mikate habari za nukta ya kijani. Otylia hakuweza tena kukitoa kifaa. Kila siku ya kijani ilifanya siku inayofuata iwe ngumu zaidi kugeuka zambarau.

Wiki ya pili Mwalimu Pilch aliionesha ramani darasani. "Mtaa wa akina Heczko una hewa nzuri kuliko yote," alisema. "Kwa hiyo utaondolewa kwenye orodha ya majiko mapya. Hesabu ni hesabu."

Ukuta wa chumba chake ulipakana na nyumba ya Bi Renata, na nyuma ya ukuta huo alilala Ada, mwanawe wa miaka mitatu mwenye pumu. Siku za moshi mwingi Otylia alimsikia akihangaika kupumua. Bi Renata hakuwa na uwezo wa kununua jiko jipya. Alikuwa akiusubiri mfuko ule wa nchi mbili. Alikuwa ameshamwuliza Otylia ngazini, "Vipi, tumo kwenye orodha?" Otylia alimjibu kwamba hajui.

Jumamosi nyumba ya Heczko ilipata wageni. Mhandisi Šárka Hlaváčová, aliyesimamia vipimo vya pande zote mbili, alivuka daraja kuja kuona nyumba yenye hewa ya ajabu. Alifuatana na Mwalimu Pilch na mfagiaji dohani aliyevaa nguo zake nyeusi za kazi. Mzee Bohumil na Radim walikuja pia, bila kualikwa. Mzee alisema amekuja kutetea jina lake.

Kila aliyemwona mfagiaji dohani alishika kifungo cha nguo yake, kwa maana kumwona ni bahati, na bahati hiyo hupitia kwenye kifungo. Mhandisi alivaa koti la zipu. Alisita kidogo, kisha akashika kifungo cha koti la Mwalimu Pilch.

Babu alikuwa amenyoa ndevu na kufunga tai. Alikata keki, akaanza kueleza jinsi anavyowasha jiko lake. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee Gustaw, mto hapa una upana gani?"

"Mtu mwenye mkono mzuri akirusha jiwe, linafika."

"Anajua," alisema Mzee Bohumil. "Kioo cha dirisha la bafu langu ni shahidi."

"Basi nieleze," alisema mhandisi. "Upande huu hewa ni safi kuliko kilele cha mlima. Upande ule ni mbaya kuliko tundu la dohani. Moshi unajuaje mpaka uko wapi?"

"Unaheshimu sheria," alisema babu.

"Kifaa kiko wapi?"

Watu wote walimtazama Otylia. Asubuhi ile alikuwa amesimama stoo muda mrefu, akifikiria kukitundika dirishani kimyakimya. Hakuna ambaye angejua. Lakini vipimo vya nyuma vingebaki vilevile, na mtaa ungebaki nje ya orodha.

"Kiko stoo," alisema. "Kimekaa humo tangu jioni ya kwanza. Pamoja na matango."

Uma wa keki wa Mwalimu Pilch ulisimama hewani.

"Kwa hiyo," alisema mhandisi taratibu, "tumekuwa tukipima hewa ya matango."

"Na ni safi sana," alisema Mzee Bohumil. "Hongereni."

"Nani alikwambia ufanye hivyo?" babu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Ulipowasha jiko kiligeuka zambarau, na jina letu liko pale kwa kila mtu. Sikutaka wakucheke. Sasa Ada atakosa jiko kwa sababu yangu."

Babu alilegeza tai. Kisha akamgeukia Radim. "Na wewe je? Chako kiko wapi?"

"Nje," alisema Radim kwa kujiamini. "Juu ya kichwa, pasipo mvua. Kwenye msumari chini ya paa la kibanda."

"Kibanda gani?"

"Cha babu. Cha kukaushia soseji kwa moshi."

Mfagiaji dohani alitoka nje kucheka. Mhandisi alijikanda paji la uso. "Nimeendesha gari asubuhi yote katika barafu," alisema, "kuja kuchunguza matango na soseji."

Alisema vipimo vyote vya nyumba hizo mbili vinafutwa na kazi inaanza upya. Mzee Bohumil na Radim walirudi kwao ng'ambo, vifaa vikatundikwa mahali pake, na wazee wakaombwa wawashe majiko yao kwa wakati mmoja, kama walivyozoea. Babu alipiga magoti, akawasha, akasikiliza muungurumo wa moto. "Linawaka vizuri," alisema.

"Sasa twende nje," alisema mhandisi.

Kwa muda mrefu babu hakuwa ametoka nje jiko likiwa ndiyo kwanza limewashwa. Kwa nini mtu atoke kwenye baridi wakati ndani kunaanza joto? Alisimama ukingoni na kuinua macho. Moshi wa manjano na mweusi ulikuwa ukimwagika juu ya paa, ukashuka moja kwa moja hadi dirisha la Ada.

"Ile ni dohani ya nani?" aliuliza.

"Yako, babu," alisema Otylia.

Ng'ambo, Mzee Bohumil naye alikuwa amesimama shingo juu, akiitazama yake.

"Gustaw!" aliita. "Hicho ndicho ninachokiona mimi kila siku."

"Na hicho chako ndicho ninachokiona mimi," akajibu babu, bila nguvu ya kawaida.

Nukta zote mbili zilikuwa zambarau.

Kesho yake, majiko yalipopoa, mfagiaji dohani aliwafundisha kupanga kinyume: makaa chini, vijiti vikavu juu, moto uanzie juu kabisa, ili moshi wa makaa upite kwenye ndimi za moto na kuungua kabla haujatoka. Mbao zenye vanishi zisitiwe kamwe. Babu alisema hawezi kujifunza kuwasha moto uzeeni. Alipoambiwa Bohumil ameshaanza, alichukua kiberiti.

Nukta ziligeuka njano. Hazikuwa kijani; jiko kuukuu halifanywi jipya kwa kubadili namna ya kuliwasha. Ndiyo maana vipimo vipya vya kweli viliuingiza mtaa wa Heczko na ule wa Vašíček kwenye orodha, ikafuatana kama mtaa mmoja. Jiko la Bi Renata lilibadilishwa kabla ya baridi iliyofuata. Otylia aliwaeleza wenzake darasani kuhusu matango yeye mwenyewe, na Mwalimu Pilch hakumkatiza.

"Kifaa hakikuletwa kukusifu wala kukuaibisha," alimwambia baadaye. "Kililetwa kutuambia nani anahitaji msaada. Ukikidanganya, anayeumia ni yule aliyekuwa akisubiri msaada huo."

Wakati wakisubiri zamu yao, wazee walibadilishana namba za simu. Jioni moja simu ya babu iliita akiwa amepiga magoti mbele ya jiko.

"Gustaw, unafuka," ilisema sauti ya ng'ambo.

"Asante, Bohumil," alisema babu, kwa shida kama mtu anayemeza dawa chungu. Alifungua tundu la hewa, akasubiri, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Sikiliza, Otylia. Mtu aliyepiga magoti hapa haioni dohani yake. Anayeiona ni mwingine, na huyo inabidi aseme. Wewe uliona ukanificha kwa sababu unanipenda. Yule hanipendi, lakini ameniambia, na moshi umepungua. Siku nyingine ukiona, niambie wewe mapema, nisilazimike kumshukuru Bohumil."