Ng'ombe Wasiolia

Ng'ombe walipanda chombo cha anga kama wageni waalikwa wanaoingia ukumbi wa harusi. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyerusha teke. Kila mmoja alivaa kitulizi, kitanzi chembamba kilichofungwa chini ya pembe, kinachopeleka umeme hafifu kwenye ubongo na kunyamazisha mshtuko kabla haujafika miguuni wala kooni. Asubuhi walikuwa malishoni Bahi. Adhuhuri walikuwa ghorofa za juu za Banda Kuu la Dodoma, wasikoliona jua.

Aliyebuni kitulizi ni Mwaja, daktari wa mifugo, na siku hiyo alijiona amewakomesha wote waliomcheka. Ng'ombe walikuwa wa kaka yake, Chilongani, ambaye hakuwa na kingine duniani. Chilongani alikuwa amekataa kwa muda mrefu wavishwe, akiuliza ng'ombe asiyelia utajuaje kama anaumwa. Mwaja alimwambia aache mambo ya kizamani. Mwishowe alikubali, si kwa ajili ya sayansi, bali kwa kuwa aliyeomba ni dada yake mdogo.

Akili unde ya banda ilisoma mapigo ya moyo, masikio na sauti, ikatoa jibu lile lile kila siku: utulivu kamili. Damu haikupimwa. Taasisi iliyomwajiri Mwaja na kuendesha banda ilipiga marufuku sindano, eti humsumbua ng'ombe na kuharibu takwimu za utulivu. Hata chanjo ilipuliziwa puani. Kanuni hiyo Mwaja aliitunga mwenyewe, tena kwa majivuno.

Kisha homa ya mapafu ikaingia. Ng'ombe waliochanjwa walikufa kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, na akili unde ikaendelea kuwasifu kwa utulivu. Mwaja akavunja kanuni yake, akawatoa damu waliosalia. Ilijaa homoni ya msongo. Hofu ya muda mfupi humsaidia mnyama kukimbia, lakini homoni hiyo ikikaa mwilini kwa majuma hudhoofisha chembe nyeupe, askari wa mwili, na chanjo hukosa wa kuipokea. Kitulizi hakikuondoa hofu hata chembe. Kiliwaziba wanyama midomo, basi.

Mkurugenzi wa taasisi alimsikiliza, akasema kifaa hakina kosa, kwani hakuna ng'ombe aliyelia.

Mwaja alikwenda Bahi kumwambia kaka yake ukweli. Alimkuta ameketi kando ya zizi tupu, uso mkunjufu, kitanzi chembamba kimezunguka kichwa chake. Yaledi, mke wa Chilongani, alimnong'oneza kwamba watu wa taasisi walipita kuwafariji wafugaji, wakawagawia vitulizi. Tangu hapo mumewe hali, halali, anakohoa, wala hana neno baya kwa mtu.

"Karibu, mdogo wangu," Chilongani alisema. "Ya ng'ombe yamepita. Mimi sijambo."

"Kaka, ng'ombe wako nimewaua mimi."

"Usijali. Keti."

Mwaja alimshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa jasho. Akapeleka vidole kisogoni pake, akafungua kitanzi.

Halafu Chilongani alilia kilio kilichowatoa majirani ndani. Aliwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Alipowamaliza alimgeukia dada yake, akamwita muuaji, akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake hadi kaburini.

Yaledi alitaka kumtuliza. Mwaja alimzuia. Akabaki pale pale akitukanwa, machozi yakimtiririka, akisikiliza kila neno.