Unga wa Njano

Kila asubuhi cherehani ya baba ilianza kuunguruma kabla chai haijachemka. Sauti ilitoka chumba cha mbele, ambako baba alishonea nguo za watu, ikapita ukumbini na kufika jikoni, ambako Kidole alikuwa akiosha vikombe. Zamani hakuna aliyeijali. Lakini tangu daktari wa zahanati aseme kwamba baba ana presha, mama na binti yake waliisikiliza sauti hiyo kwa masikio yote mawili.

Ikinyamaza kidogo tu, mama aliita, "Baba Kidole?"

"Nabadilisha uzi, jamani! Hata uzi nisibadilishe?"

Hapo ndipo watu walipoanza kupumua tena.

Kidole ni jina alilopewa na baba yake, kwa sababu tangu alipokuwa anatambaa hakuweza kupita karibu na sufuria bila kuchovya kidole na kuonja. Sasa alikuwa darasa la sita, na tabia ilikuwa ileile. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha mikate na hakurudi mpaka alasiri, kwa hiyo chakula cha mchana kilikuwa juu ya Kidole.

Daktari alikuwa ametoa amri: vidonge kila siku, chumvi iwe ya kunusa tu, na vyakula vya kukaanga akae navyo mbali. Mama hakutaka mzaha. Siku hiyohiyo alilibeba kopo la chumvi akampa jirani, akarudi akipangusa mikono. Shida ni kwamba baba alikuwa mtu wa chipsi. Alizipenda zile za kibanda cha kona, zilizokaangwa kwenye mafuta meusi yaliyotumika mpaka yakachoka, kisha zikamwagiwa chumvi bila huruma.

Asubuhi moja, akifagia vipande vya vitambaa chini ya meza ya baba, Kidole aliokota karatasi iliyolowa mafuta.

"Baba!"

"Shhh! Mama yako asije akasikia. Chache tu, mwanangu. Nilikuwa napita, zikanikonyeza."

Kidole hakucheka. Alitazama ng'ambo ya barabara. Pale mlangoni pake aliketi fundi viatu, rafiki wa baba tangu ujana na mteja mwenzake wa kibanda kilekile. Mwaka uliopita alikuwa bado anagonga nyundo na kutaniana na wapita njia. Kisha siku moja akaanguka kutoka kwenye kigoda chake. Sasa mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, mkono wake wa kulia umelala mapajani, na watoto wake walimtoa nje asubuhi na kumrudisha ndani jioni. Baba naye alitazama huko, kisha akainamisha kichwa na kukanyaga cherehani harakaharaka. Kidole alijua kwamba wote wawili wamewaza jambo moja, na aliogopa sana.

Hapo akakata shauri. Kama baba hawezi kuishi bila chipsi, basi atazila hapahapa nyumbani.

Redio alikuja kumsaidia. Huyu alikuwa msichana wa nyumba ya pili, waliyesoma naye darasa moja, na aliitwa hivyo kwa sababu akishawashwa hazimiki. Walimenya viazi, wakavikata vipande virefu, wakavichemsha kidogo na kuvikausha kwa kitambaa safi. Wakavipaka mafuta kiasi cha kung'aa tu. Kisha wakavipanga kwenye sinia la bati ndani ya sufuria kubwa, wakafunika, na kupalia makaa juu na chini mpaka vikakauka na kubadilika rangi.

Baba alitafuna. Akatafuna tena. Akawatazama wapishi wake kwa huruma.

"Mama," alimwambia binti yake, "hivi viazi vimefiwa?"

Redio alicheka mpaka akakalia ndoo. Kidole alinuna. Alasiri ile alimwona baba akivaa viatu ili, kama alivyosema mwenyewe, akanyooshe miguu, na alijua vizuri miguu hiyo inanyooshewa wapi.

Kesho yake Redio alikuja na kipakiti kidogo chenye picha ya kuku anayetabasamu. Ndani yake mlikuwa na unga wa njano.

"Dada yangu anautia huu kwenye kila kitu," alisema. "Mboga, wali, mayai. Ukiutia kwenye viazi, baba yako atalamba na sinia."

"Si chumvi huu?"

"Chumvi si nyeupe? Huu ni wa njano, una macho wewe? Na soma hapa: ladha ya kuku. Kuku, Kidole! Tangu lini kuku akampa mtu presha?"

Kidole alichovya kidole akaonja. Ulimi ulimwambia ukweli palepale: nyuma ya yule kuku kulikuwa na chumvi, tena si haba. Lakini alimkumbuka baba akifunga kamba za viatu, akaona heri asiusikilize ulimi wake. Chumvi ni ile ya kwenye kopo, alijiambia, na kopo liko kwa jirani. Akanyunyiza, akakoroga, akanyunyiza tena.

Mchana huo baba alikomba sinia mpaka ukingoni. Mama aliporudi akaonja vile alivyowekewa, akamkumbatia mwanawe.

"Hakuna mafuta, hakuna chumvi, na vitamu hivi? Umetia nini, mwanangu?"

"Siri ya mpishi," alijibu Kidole, na mama akacheka, wala hakuuliza tena.

Sifa ni tamu, na Kidole alizionja akataka nyingine. Akajifunza kuviringisha vipande vya kuku kwenye chenga za mkate mkavu na kuvioka badala ya kuvikaanga. Akaponda maharagwe akayafanya baga. Akapika sosi yake mwenyewe ya nyanya. Hakuna kilichoelea kwenye mafuta, na hakuna kilichokosa unga wa njano. Baba naye, kusema haki, aliacha kabisa kwenda kibandani. Muuza chipsi alipomwita kwa mbali, alimpungia mkono na kusema kwamba siku hizi ana hoteli yake nyumbani.

Kila mtu alikuwa na furaha. Kidole alikuwa wa kwanza kuona kwamba kuna kitu hakiendi sawa.

Kwanza ilikuwa maji. Baba alikunywa, akaomba tena, akanywa tena. Kisha ikawa miguu, iliyovimba mpaka kamba za viatu hazikukutana. Alianza kusugua shingo yake kila mara, na kulalamikia mwanga wa mlangoni. Siku moja mteja alirudisha shati la mtoto wake, akalitandaza mezani. Baba, fundi aliyeaminiwa na mtaa mzima, alikuwa ameshona mikono yote miwili ya upande mmoja. Alicheka, akaomba radhi, akaanza kufumua. Lakini mteja alipoondoka, alibaki akilitazama lile shati kwa muda mrefu, na kile kicheko hakikuwapo tena.

Kidole alisimama mlangoni akiona yote hayo. Moyo ulimwambia aache ule unga. Lakini akiacha, baba atarudi kwenye chipsi za kona, na mama atauliza ladha imekwenda wapi. Akajiambia ni joto tu. Ni kazi nyingi, maana sare za shule zilikuwa zimejaa mpaka kwenye viti. Akarudi jikoni, na kipakiti kikatoka tena.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa siku ile cherehani iliponyamaza. Ilikuwa mchana, na Kidole alikuwa akigeuza viazi. Alisubiri kidogo.

"Baba? Unabadilisha uzi?"

Hakujibiwa. Aliuliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, kisha akaiacha koleo ya makaa chini na kwenda.

Baba alikuwa ameketi wima. Mkasi ulikuwa sakafuni. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale mezani.

"Mka... mka..." alisema. Neno halikutoka. Pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imeshuka.

Ng'ambo ya barabara fundi viatu aliyaona yote. Alikuwa akijaribu kusimama, akishindwa, na akitoa sauti isiyokuwa na maneno. Yeye alikuwa anajua. Kidole alipiga ukelele ambao hakujua kwamba anao, na Redio akaja mbio, akageuka mbio kutafuta gari.

Mama, aliyeitwa kutoka kiwandani, aliwakuta zahanati, mikono yake ikiwa bado na unga wa ngano mpaka viwikoni. Daktari, mama mtu mzima asiyepoteza maneno, alikuwa amekwisha kumchoma baba sindano na kumfunga mkanda wa kupimia. Alitazama kipimo, akapima tena.

"Imepanda kuliko siku ya kwanza," alisema. "Vidonge anameza?"

"Mbele ya macho yangu," alijibu mama.

"Chumvi?"

"Nyumbani kwangu hamna hata punje, daktari."

"Basi anakula nje. Presha hii haikupanda kwa kunywa maji."

Mama alimgeukia baba pale kitandani. "Umerudi kibandani," alisema. "Kumbe muda wote huu ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Unataka niachwe na mtoto huyu peke yangu?"

Baba alitikisa kichwa. Alifungua mdomo kujitetea, lakini kilichotoka hakikuwa neno. Akajaribu tena. Chozi likamtoka upande ule uliolegea, na mkono wake haukuweza kulifuta.

Kidole alihisi ukuta wa chumba unamsogelea. Katika watu wote wale, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba baba hana kosa. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Baba angepewa dawa kali zaidi, angerudishwa nyumbani, na mchana ungefika, na yeye angewasha jiko.

"Hajala nje," alisema. "Ni mimi, mama. Ni mimi niliyemlisha."

Alitoa kipakiti mfukoni mwa gauni lake na kukiweka mkononi mwa daktari. Alieleza yote, tangu viazi vilivyofiwa mpaka siri ya mpishi, bila kumsingizia Redio hata neno moja. Daktari alivaa miwani, akakigeuza kipakiti upande wa nyuma, kwenye maandishi madogo, akamrudishia.

"Hapa wanataja vitu vilivyotumika. Cha kwanza kutajwa ndicho kilicho kingi kuliko vyote. Soma kwa sauti."

Kidole alisoma. "Chumvi." Kisha akalia.

"Ulionja kabla ya kutia?"

"Ndiyo."

"Na ulimi ulikwambia nini?"

"Ulisema ni chumvi. Nikakataa kuusikia."

Daktari hakumkaripia. Alimwinamia. "Sikiliza, mwanangu. Kuoka badala ya kukaanga ni kazi nzuri, na wala usiiache. Kosa lako ni kuficha. Sasa umesema, nami najua ninapigana na nini. Mshipa wa kichwani umemwonya baba yako, na leo umemwonya kwa upole. Anakwenda hospitali kubwa sasa hivi, na huko nitawaambia ukweli huu ulionipa."

Mama aliketi sakafuni palepale alipokuwa. "Na mimi nilikula nikasifu," alisema polepole. "Nikaambiwa ni siri, nikacheka." Akauchukua ule mkono uliolegea, akauweka shavuni mwake. "Nisamehe, Baba Kidole. Nimekusingizia."

Baba alikaa hospitali mpaka presha ikashuka. Maneno yalimrudia, yakichelewa kidogo njiani, na vidole vikaanza kusogea. Sare alizoziacha zilimaliziwa na fundi mwenzake. Nyumbani nako Kidole na Redio waliwasha jiko, mara hii wakiwa kimya, hata Redio. Walichemsha viazi kwa maji yenye vitunguu saumu vilivyopondwa. Sinia la kwanza walitia tangawizi nyingi mno wakakohoa wote wawili. La pili lilitoka vizuri: viazi vikavu kwa nje na laini ndani, vimepakwa mafuta kidogo, pilipili manga na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Mama alionja kabla ya mtu mwingine yeyote, akauliza maswali, akaonja tena.

Siku baba aliporudi, Kidole alimwekea sinia mbele yake, akasimama.

"Umetia nini?" aliuliza baba, akitazama viazi na si yeye.

Kidole alimtajia kila kitu, hata maji ya kuchemshia. "Hakuna kingine, baba. Naapa."

"Usiape. Ukisema tu inatosha." Baba alitafuta maneno yake. "Mwanangu, mimi nilikudanganya kwa karatasi chini ya meza. Nikakufundisha mimi mwenyewe kwamba chakula kinaweza kufichwa. Tuache wote wawili. Mtu anayekula chakula chako amekukabidhi mwili wake, haoni kilichomo ndani. Hata kikiwa kibaya, mwambie. Atachagua mwenyewe kula au kuacha."

Akanyoosha mkono wa kulia. Kidole alitaka kumsaidia, lakini mama alimshika bega, kwa sababu daktari alikuwa amesema mkono ule ufanye kazi. Kiazi kiliponyoka kikaanguka kwenye sinia. Baba akakifuata tena, vidole vikitetemeka, akakishika, akakipandisha polepole mpaka kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu, nyumba nzima ikimsubiri.

"Vitamu," alisema. Kisha akanyoosha mkono uleule kuchukua kingine.