Aliyekuja Kufunguliwa

Jua lilikuwa linazama kijijini Mnero. Felomena alikwenda nyuma ya mikorosho kuanua makopa ya muhogo aliyoyaanika juu ya mwamba. Ungo ulikuwa umejaa nusu aliposikia harufu... Udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

Akageuka.

Mwanamume alisimama hatua tatu kutoka kwake. Kijana, mkavu, miguu mitupu imevimba. Mikono ameiweka nyuma.

"Andrea yupo?" aliuliza kwa Kimakua, kwa kunong'ona.

"Baba yupo ndani. Nimwambie nani?"

"Nasri. Mwambie... mikono inaniuma."

Kijana alipompa mgongo, Felomena akaiona mikono. Viganja vyeusi. Kamba imezama ndani ya nyama.

Ungo ulimponyoka. Alikimbia.

Baba yake alikuwa jikoni akiota moto. Aliposikia jina hilo, machozi yalimtoka.

"Shemeji yangu," alisema. "Waasi walituteka pamoja kule Msumbiji, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Wakatubebesha magunia, siku nenda siku rudi, porini. Mateka akishindwa kutembea, anafungwa mtini, anaachwa afe. Nasri alishindwa. Kamba wakanipa mimi."

"Baba..."

"Alinisihi nilegeze fundo, mwanangu. Kidogo tu. Askari wao alikuwa mgongoni kwangu na bunduki. Nikakaza."

Mzee Andrea alichukua kisu, akatoka. Felomena akabaki mlangoni. Kutoka mikoroshoni alimsikia baba yake akilia kama mtoto: "Nisamehe, shemeji. Nisamehe." Kisha kitu kikakatika.

Ta!

Halafu mtu akashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo... Haikuwa ya baba yake.

Mzee alirudi ametota jasho. Akakaa, macho mlangoni. Kisu hakukiweka chini.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Amenisamehe."

Felomena alimshika bega. "Basi, baba. Yamekwisha."

Mzee Andrea akatikisa kichwa, polepole.

"Njia nzima, Felo, kamba ilikuwa kwangu. Nasri alikuwa wa kwanza tu kati ya niliowafunga."

Nje, sauti ya mwanamke ikapiga hodi.