Kioo Kisichomalizia

Vidole vya Mzee Mfaume Likapa vilikuwa Lindi, lakini vivuli vyake vilikuwa Dodoma, ghorofa ya kumi na tisa, juu ya meza ya binti yake, Somoe. Vilishuka kwenye shimo la nne, vikazoa kete sita na kuanza kuzigawa moja moja, bila kusita wala kutetemeka. Kete ya mwisho ikatua penye wenzake. Vivuli vikazoa tena, vikasonga mbele, vikala mashimo matatu ya Somoe kabla ya kulala.

"Umekwisha," sauti ya mzee ikasema kutoka pembeni mwa kioo.

"Nimekwisha, baba. Leo hukunibakizia hata kete ya kuombea."

"Ahsante, mwanangu."

Hiyo ahsante ndiyo iliyomshangaza Somoe. Tangu lini mshindi akamshukuru aliyeshindwa? Lakini ilikuwa sasa miezi kadhaa, kila wakimaliza mchezo mzee anashukuru, tena kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeletewa maji ya kunywa. Somoe alijiambia kwamba uzee unawaongezea watu adabu, akazima kioo na kwenda kuinjika chai.

Kifaa chenyewe kiliitwa Kioo-Pacha, na miaka ile ilikuwa shida kupata nyumba ya mjini isiyokuwa nacho, labda ya mtu mbishi. Vilitengenezwa viwili viwili. Ulipogusa kimoja, mwenzake alijua. Vidole kumi vikigusa kwa pamoja, vyote kumi vilionekana upande wa pili kama vivuli vya rangi ya chai. Bibi alimwongoza mjukuu kuandika herufi huku kila mmoja yuko mkoa wake. Wachumba walilaza viganja kiooni wakajiona wameshikana mikono, na wazazi hawakuwa na la kusema.

Ila mawasiliano, hata ya zama hizo, yalikuwa na kwikwi zake. Mguso ulifika vipande vipande, duara likaonekana limemeguka, na wateja wakanung'unika. Ndipo kampuni ikabuni Mtabiri, programu iliyotazama mwanzo wa mguso na kuumalizia yenyewe. Kidole kikianza kuchora duara, Mtabiri analifunga. Somoe alikuwa mhandisi wa kitengo hicho, na kanuni ya bao aliiandika yeye mwenyewe. Hoja yake ilikuwa safi. Katika bao, alisema, ukishachagua shimo na upande wa kwenda, hakuna tena cha kuamua. Kete zitagawika vile vile, azigawe bingwa au anayejifunza. Sasa mteja angoje nini? Wakubwa wa kampuni walimpigia makofi, na keki ililiwa.

Mwezi wa saba, siku ya Jumanne, kioo cha Lindi kikapasuka.

"Ni birika," mzee alieleza kwa simu.

"Birika limefanyaje?"

"Limeanguka."

"Limeanguka lenyewe, baba?"

"Mabirika ya siku hizi yana akili, mwanangu. Labda lilijirusha."

Walicheka wote wawili. Mzee Mfaume alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, mtu wa masihara na wa mikono myepesi, na hakuna aliyewahi kumwona akiangusha hata skrubu ya saa, seuze birika. Somoe angeweza kulifikiria hilo. Hakulifikiria. Alichofikiria ni kwamba kampuni, kampuni yake mwenyewe, imejibu kuwa kioo kingine kitafika baada ya wiki sita, na yeye na baba yake walikuwa wakicheza kila siku baada ya alasiri tangu mama yake alipofariki, miaka minane iliyopita. Siku ambayo hawakucheza mzee hakuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa jirani yake, Bi Mwanuru mshona nguo, ambaye naye kutwa kucha yuko na cherehani.

"Wiki sita nitakuwa nimesahau hata shimo linafananaje," mzee akasema. "Kwani wewe si ndiye mhandisi? Au mnajua kuandika tu, kutengeneza hamjui?"

Maneno hayo yalimwingia. Jioni hiyo hiyo Somoe akaanza kupekua maandishi ya mafundi wa majumbani wa zamani, watu wa enzi za kompyuta za mezani, waliokuwa wakijitengenezea vioo vya kugusa kwa vidole vingi kabla havijajaa madukani. Akakuta kumbe si uchawi.

Unachukua bamba la plastiki angavu lenye unene wa kidole. Pembeni mwake, kuzunguka ukingo wote, unapanga vitaa vidogo vya mwanga ambao jicho la mtu halioni lakini kamera inauona. Mwanga huo ukishaingia ndani ya bamba hautoki. Unadunda juu na chini humo humo hadi uchoke. Kidole kikigusa juu, mahali hapo mwanga unapata upenyo, unavuja na kushuka chini, na kamera iliyokaa chini ya bamba inaona kidoa cheupe. Vidole kumi, vidoa kumi. Ukibonyeza zaidi nyama ya kidole inatanuka, na kidoa kinakua. Juu ya bamba unapaka silikoni, ile ile ya kuzibia mabomba ya bafuni, kisha unatandika karatasi nyepesi ya wachora ramani, na projekta ndogo inamulika picha ya bao kutoka chini. Hiyo ndiyo mashine nzima.

Somoe alitoboa kabati lake la viatu, bamba likae juu na kamera ndani. Mara ya kwanza kamera iliona weupe mtupu, kwa sababu ya jua la dirishani; akaziba lenzi kwa kipande cheusi cha mkanda wa picha wa kamera za kale, kinachozuia mwanga wa kawaida na kuuacha ule usioonekana upite. Akagusa. Vidoa vitano vikawaka. Akaweka na mkono wa pili, vikawa kumi, naye akajikuta anacheka peke yake katikati ya viatu vilivyozagaa sakafuni. Miaka kumi na mbili alikuwa ameandikia vioo programu, na hiki kilikuwa cha kwanza kukitengeneza kwa mikono yake.

Vifaa vya Lindi alivituma kwa ndege-posta, kila kitu kimefungwa na maelezo yake. Mzee angetumia lile sanduku alilokuwa akionyeshea saa dukani. Kazi iliyobaki ilikuwa kulehemu vitaa thelathini na sita kwenye waya. Kwa fundi aliyekuwa akirudisha springi ya saa ya kike huku akisimulia mpira wa jana, hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Siku ya pili vilikuwa vitaa vinne. Siku ya nne vilikuwa tisa.

"Baba, unalehemu au unavinyonyesha?"

"Macho, mwanangu. Macho yamenigomea."

Somoe aliamini, maana lilikuwa jambo jepesi kuamini, akaagiza miwani. Siku ya sita mzee akapiga simu kwamba tayari, mashine inawaka, na Bi Mwanuru amemsaidia kushikashika.

Wakacheza Jumamosi, baada ya alasiri kama kawaida. Mashine hii ilikuwa mbumbumbu. Haikuwa na Mtabiri wala haikujua bao ni nini. Ilijua kidoa kipo au hakipo, na kete ilisogea pale tu kidole kilipoisogeza. Upande wa Dodoma hapakuonekana vivuli vizuri vya rangi ya chai, bali vidoa vyeupe tu.

Mzee akaingiza mkono kwenye shimo la tano. Vidoa viwili vilikuwa vikubwa, cha gumba na cha shahada. Vitatu vilivyobaki vilikuwa hafifu, kama punje za mchele zilizosahaulika kwenye ungo. Akazoa kete tano, akagawa ya kwanza, akagawa ya pili. Ya tatu ikaburutwa hadi ukingoni mwa shimo, ikasimama. Vidoa vikateleza upande, vikapotea. Kete tatu zikabaki njiani, si za shimo hili wala lile.

"Zamu yako," mzee akasema.

"Hujamaliza, baba."

"Nimemaliza."

"Kete tatu ziko njiani."

Somoe akadhani ni kitaa kimoja kimekufa. Akachungulia kamera, akapunguza mwanga wa projekta, akarekebisha hiki na kile, kisha akasema, "Hebu weka mkono wa kushoto." Vidoa vitano vikatokea, vikubwa, vya mviringo. Vitaa vyote vilikuwa vizima. "Sasa wa kulia." Gumba, shahada, na punje tatu za mchele.

"Bonyeza, baba."

"Nimebonyeza."

"Bonyeza kwa nguvu."

"Ndiyo nguvu yenyewe hiyo," mzee akasema.

Somoe akaiacha kamera. Akauliza nani aliyelehemu vile vitaa. Bi Mwanuru, kuanzia cha kumi. Na birika? Lilimtoka mkononi. Aliuliza kwa upole, mzee naye akajibu kwa upole, bila kuficha, tena kwa namna ya mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua tayari. Hilo nalo Somoe hakulielewa.

Jioni hiyo alifungua kumbukumbu za Mtabiri, ambazo kwa kazi yake alikuwa na ruhusa ya kuzisoma, akatafuta kioo cha Lindi. Yote yalikuwapo. Tarehe tisa mwezi wa tatu, saa kumi na dakika arobaini, mkono wa kulia wa mchezaji uliishia shimo la tatu kati ya saba, na Mtabiri akagawa kete nne zilizobaki. Siku tano baadaye mkono ulipata nafuu, si nafuu kamili. Mwezi wa sita, tarehe ishirini na moja, ukaanguka tena na haukuinuka. Kuanzia hapo, katika kila kete mia zilizogawiwa, themanini na nane aligawa Mtabiri. Mzee alikuwa akigusa shimo na kuonyesha upande tu. Mashine ilikuwa imeandika kila kitu hadi sekunde, na haikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeiagiza iseme. Aliyepaswa kuiagiza ni yeye. Somoe alishika tama mbele ya tarakimu hizo, na kwa mara ya kwanza akaichukia kazi yake.

Kesho yake alipanda reli-sumaku ya alfajiri, na kabla ya adhuhuri walikuwa hospitalini, yeye na mzee wake, mbele ya Daktari Kasanda, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Mzee alikuwa amevaa kanzu ya kutokea. Mkono wa kulia aliupakata mapajani.

Daktari alipima, akapiga picha ya kichwa, akaeleza. Ni kiharusi, tena si kimoja. Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha kuonya tu, na mgonjwa akiwahi kwenye hicho, dawa huweza kukizuia cha pili. Hiki cha pili ndicho kilichochukua mkono. Mazoezi yatarudisha nguvu kiasi, si yote, na ufundi wa saa ausahau.

"Ninahitaji tarehe," daktari akasema, kalamu mkononi. "Cha kwanza kilianza lini? Mzee, ulianza lini kuona vidole vinalegea?"

"Muulize binti yangu," mzee akasema. "Yeye ndiye aliyeona. Aliona hata kabla sijakubali mwenyewe."

Somoe akamgeukia. "Mimi, baba?"

"Sasa leo unajificha nini, na daktari ni mtu wa ndani?" Mzee akatabasamu, upande mmoja wa mdomo ukichelewa kidogo. Akamwambia daktari, "Tunacheza bao kwenye kioo. Mkono ulipoanza kunichezea, nikawa nagusa shimo tu, na yeye kule Dodoma ananimalizia kugawa. Hakuniuliza una nini, hakumtangazia mtu. Nikasema, mwanangu ameona, na ameamua kunisitiri. Sasa mimi nianzeje kumwambia naumwa, na yeye amenifunika vizuri hivyo? Ningemvunjia heshima. Nikawa namwambia ahsante, basi."

Kalamu ya daktari ilikuwa bado inangoja.

Somoe angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimpitia, halafu likakaa. Mzee angekwenda kaburini akijua ana mtoto mwenye jicho na mwenye stara, na hakuna ambaye angeumia. Tarehe alikuwa nayo. Angeitaja tu, na ingeonekana kama kumbukumbu ya mtu aliyeona.

"Tarehe tisa mwezi wa tatu," akasema. "Saa kumi na dakika arobaini."

Daktari akaandika. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Lakini sikuona mimi, baba. Kioo ndicho kilichokuwa kinakumalizia. Nilikiandikia hivyo nikiwa kazini, miaka mingi iliyopita, kimalizie kila mtu. Upande wangu nilikuwa nauona mkono wako mzima. Sikujua chochote mpaka jana."

Mzee Mfaume aliutazama mkono wake uliolala mapajani. Akauchukua kwa ule wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, kama alivyokuwa akigeuza saa ya mteja kabla ya kusema inapona au haiponi.

"Kumbe miezi yote hiyo," akasema, "nilikuwa namshukuru nani?"